Simu milioni nne kwa mwaka, na mtoto bado haonekani

Ukitaka kuelewa jinsi majimbo ya Marekani yanavyoshughulikia watoto wanaopigwa na kutelekezwa, anza na hukumu ya Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ya Februari 1989. Ilimhusu Joshua DeShaney wa kaunti ya Winnebago, jimbo la Wisconsin, mtoto aliyebaki na baba yake baada ya wazazi kuachana. Mwaka 1982 ofisi ya ustawi wa jamii ilipata taarifa ya kwanza kwamba baba anampiga. Januari 1983 alifikishwa hospitali akiwa na michubuko, akashikiliwa huko kwa siku tatu, kisha akarudishwa nyumbani baada ya baba kukubali masharti kadhaa. Tangu hapo afisa wa kaunti alikuwa akienda pale nyumbani karibu kila mwezi. Aliona majeraha kichwani mwa mtoto, akayaandika. Aliona masharti hayatekelezwi, akaandika. Ziara mbili za mwisho aliambiwa mtoto anaumwa, hawezi kuonekana, naye akaondoka. Machi 1984 Joshua, wakati huo ana miaka minne, alipigwa hadi akazimia. Alinusurika, lakini ubongo wake ulikuwa umeharibika kiasi kwamba aliishi kwa kutunzwa na watu hadi alipofariki mwaka 2015.

Mama yake aliishtaki kaunti. Majaji sita dhidi ya watatu wakaamua kwamba Katiba ya Marekani haiilazimu serikali kumlinda mtoto dhidi ya mzazi wake. Aliyempiga ni baba, walisema, na jimbo halikumweka mtoto katika hatari ambayo hakuwa nayo tangu mwanzo. Majimbo yanaweza kujiwekea wajibu huo kwa sheria zao wenyewe, lakini hakuna anayeyalazimisha.

Weka hukumu hiyo karibu na mamlaka ambayo majimbo hayohayo yanayo. Afisa wa jimbo anaweza kugonga mlango usiku, kufungua jokofu kuona kuna chakula gani, kumvua mtoto shati atazame mgongo, na pale anapoona hatari ya haraka, kuondoka naye. Mahakama ya jimbo inaweza kufuta uzazi wa mama moja kwa moja, mtoto akawa si wake tena kisheria. Hakuna mamlaka nzito zaidi ya hiyo ambayo serikali inaweza kuitumia ndani ya nyumba ya mtu. Lakini wajibu unaotakiwa kwenda sambamba nayo, wa kuhakikisha kwamba mtoto ambaye faili lake limeshafunguliwa hafi mikononi mwa waliotajwa kwenye faili hilo, haukuandikwa popote katika sheria kuu ya nchi. Hoja yangu ni kwamba majimbo ya Marekani yamejenga mfumo unaojua kupokea taarifa na kuchunguza, na kwamba kila mtoto anapokufa yanaongeza taarifa na uchunguzi, huku kazi yenyewe ya kumlinda mtoto na kuisimamisha familia yake ikibaki bila watu wala fedha za kutosha.

Mfumo huu una umri wa miaka sitini hivi. Mwaka 1962 daktari wa watoto wa Denver, Henry Kempe, pamoja na wenzake walichapisha ripoti iliyowashtua Wamarekani. Waliziuliza hospitali 71 na kupata visa 302 vya watoto waliopigwa vibaya ndani ya mwaka mmoja. 33 walikufa, 85 walibaki na madhara ya kudumu ya ubongo. Picha za eksirei zilionyesha mifupa iliyovunjika, ikaunga, ikavunjika tena. Madaktari walikuwa wakiziona picha hizo kwa miaka na kuambiana kwamba mtoto ameanguka. Hadi mwaka 1967 majimbo yote yalikuwa yametunga sheria za kuwalazimisha madaktari watoe taarifa. Wabunge walidhani wanashughulika na jambo baya lakini adimu, visa mia chache kwa jimbo, vingi vikiwa vya kukutwa hospitali.

Kisha siasa za Washington zikaingia. Mwaka 1971 Rais Nixon aliukataa muswada wa malezi ya watoto wadogo ambao ungezipatia familia za kipato cha chini huduma nchi nzima. Mmoja wa waliousukuma muswada huo alikuwa Seneta Walter Mondale wa Minnesota. Miaka miwili baadaye Mondale alirudi na muswada mdogo zaidi, wa kuzuia ukatili dhidi ya watoto, na safari hii alichukua tahadhari. Katika vikao vya kamati alisisitiza kwamba jambo hili si la maskini, linapatikana katika kila tabaka. Kama mbinu ya kuupitisha muswada, ilifaulu: Nixon alisaini Januari 1974. Ila gharama yake inalipwa mpaka leo. Serikali kuu ilianza kuyapa majimbo fedha kwa sharti la kuwa na sheria za kutoa taarifa, kuzichunguza na kuwakinga watoa taarifa wasishtakiwe. Ukatili ukachukuliwa kama ugonjwa wa mzazi mmoja mmoja. Mambo yanayoichosha nyumba mpaka mtoto akaumia, yaani kodi, zamu za usiku, ulevi usiotibiwa, mama asiye na wa kumwachia mtoto, yakawekwa nje ya sheria.

Tazama kilichofuata. Mwaka 1974 taarifa zilikuwa kama 60,000 nchi nzima. Mwaka 1980 zilishapita milioni moja. Mwaka 2022 zilikuwa kama milioni 4.3, zikiwagusa watoto wapatao milioni 7.5. Karibu nusu ya taarifa hizo zilitupwa kwenye hatua ya kwanza kwa sababu hazikuwa na kitu cha kuchunguza. Watoto milioni 3 hivi wakafanyiwa uchunguzi au hatua nyingine, na mwishowe takriban 559,000 wakathibitishwa kuwa wametendewa vibaya. Kati yao karibu robo tatu ni wa kutelekezwa. Waliopigwa walikuwa asilimia 17, waliofanyiwa ukatili wa kingono kama asilimia 11. Na watoto waliokufa kwa kutendewa vibaya au kutelekezwa walikadiriwa kuwa 1,990.

Mvuvi anayeburuta kokoro anajua shida hii. Huzoa kila kitu, kisha hutumia siku nzima kuchambua mwani na mawe, na samaki aliyemtaka huoza humo humo. Maofisa wa majimbo wanatumia saa nyingi za kazi kwenye nyumba ambazo hazikuhitaji uchunguzi. Anayepata faili jipya kila siku hana muda wa kurudi mara ya tatu kwenye nyumba ambayo mtoto "anaumwa, hawezi kuonekana".

Kinachonisumbua zaidi ni jinsi majimbo yanavyojifunza kutokana na vifo. Novemba 1995 Elisa Izquierdo, msichana wa miaka sita, aliuawa na mama yake Manhattan, jijini New York, baada ya taarifa nyingi kufikishwa kwenye ofisi husika. Jiji lilitikisika, na ilistahili litikisike. Miezi miwili baadaye Meya Giuliani aliunda idara mpya ya huduma za watoto, na katika miaka iliyofuata idadi ya watoto waliokuwa wakiondolewa majumbani kila mwaka ikapanda kwa maelfu. Afisa anayejua kwamba atafukuzwa kazi kwa mtoto mmoja aliyemwacha nyumbani, na hataulizwa kitu kwa watoto kumi aliowaondoa bila sababu, atawaondoa. Pennsylvania ilipita njia hiyo kwa namna nyingine. Baada ya kashfa ya Jerry Sandusky, kocha wa zamani wa chuo kikuu cha Penn State aliyekamatwa mwaka 2011 kwa kuwadhalilisha wavulana, jimbo lilitunga msururu wa sheria, likapanua orodha ya wanaolazimika kutoa taarifa na maana ya ukatili wenyewe. Taarifa zikaruka kutoka kama 29,000 mwaka 2014 hadi zaidi ya 40,000 mwaka uliofuata. Ikumbukwe Sandusky hakukosa watu wa kumwona. Waliomwona waliwaambia wakubwa wao, na wakubwa ndio waliokalia jambo lile. Wauguzi na walimu wa chekechea walioongezewa vitisho vya kisheria hawakuhusika nalo.

Halafu kuna Gabriel Fernandez, wa Palmdale, California, aliyeuawa Mei 2013 akiwa na miaka minane. Mwalimu wake alipiga simu. Akapiga tena. Wengine nao walitoa taarifa, maofisa wa kaunti ya Los Angeles walifika, na polisi wa kaunti walifika. Mama yake na mwanamume aliyeishi naye walihukumiwa. Maofisa wanne wa ustawi wa jamii walishtakiwa, na mwaka 2020 mahakama ya rufaa ikafuta mashtaka yao. Sheria ya kutoa taarifa ilifanya kazi yake yote kwa Gabriel. Kilichokosekana ni mtu mwenye utaalamu na muda, mwenye bosi anayemsikiliza, wa kuketi na mtoto yule peke yake, kuunganisha alichosema mwalimu na alichoona polisi, na kuchukua uamuzi. Kuongeza taarifa mia moja juu ya zile kusingemwokoa.

Nirudi kwenye kutelekezwa, maana ndiko umati wa mafaili uliko. Sheria nyingi za majimbo zinasema mtoto ametelekezwa ikiwa hapati chakula cha kutosha, mavazi, makazi, matibabu au uangalizi. Isome orodha hiyo ukiwa mama wa watoto watatu unayesafisha ofisi usiku, nyumba ina ukungu ambao mwenye nyumba anakataa kuushughulikia, na umeme umekatwa wiki hii. Umeshaingia kwenye sheria kwa vipengele viwili. Baadhi ya majimbo yameanza kulikubali tatizo. Texas mwaka 2021 ilibadili sheria yake ili kutelekeza kumaanishe kumweka mtoto katika hatari ya wazi kwa kutojali kabisa matokeo. California mwaka 2022 ilisema hali duni ya kipato peke yake haihesabiwi kuwa kutelekeza. Ni hatua nzuri, na inafurahisha kwamba jimbo la kihafidhina na la kiliberali yamefika mahali pamoja. Lakini kumwambia afisa asiihesabu njaa kama kosa, kisha usimpe cha kuiondolea njaa hiyo, kunamwacha afisa na mama palepale.

Mzigo huu haugawanywi sawa. Watafiti waliokokotoa mwaka 2017 walikadiria kwamba asilimia 37 ya watoto wote wa Marekani huwa wamechunguzwa angalau mara moja kabla ya kutimiza miaka 18. Kwa watoto weusi ni asilimia 53. Zaidi ya nusu! Nchi inapofika mahali ambapo kuchunguzwa na serikali ni jambo la kawaida katika maisha ya mtoto mweusi, wazazi hujifunza kumficha daktari mambo, kutomwambia mwalimu kwamba nyumbani hakuna chakula, kutokwenda kuomba tiba ya ulevi. Hofu hiyo inamwondolea mtoto msaada wa mapema kabisa ambao angeupata.

Wapo wanaoonya kwamba maneno kama haya yanaua, kwamba ukilegeza uchunguzi kwa huruma ya wazazi maskini utazika watoto. Sidhani wanapaswa kubezwa. Kutelekezwa kunaua kweli. Katika vifo vile 1,990, sehemu kubwa ilihusisha kutelekezwa, na karibu nusu ya waliokufa hawakuwa wametimiza hata mwaka mmoja: wachanga walioachwa bafuni, waliolala na mzazi aliyelewa dawa, waliomeza walichokikuta sakafuni. Mwenye kusema kwamba kila faili la kutelekezwa ni umaskini tu anadanganya. Ila watazameni hao wanaokufa. Hawana mwalimu. Wengi hawajaanza kutembea, na sheria ya kumlazimisha mwalimu wa darasa la nne kutoa taarifa haiwafikii. Anayeweza kuwafikia ni yule anayeingia nyumbani kabla ya jambo kuharibika. Kule Elmira, mji mdogo wa jimbo la New York, mwishoni mwa miaka ya 1970 mtafiti David Olds alianza kuwatuma wauguzi kuwatembelea mama wachanga, wengi wao maskini na wasioolewa, tangu ujauzito hadi mtoto afikishe miaka miwili. Miaka 15 baadaye, matukio yaliyothibitishwa ya ukatili na kutelekeza yalikuwa karibu nusu ya yale ya familia ambazo hazikutembelewa. Muuguzi yule alikuja na mizani na maarifa, akarudi wiki iliyofuata, na mama alimfungulia mlango kwa hiari. Huduma hiyo ipo leo katika majimbo mengi, lakini inafikia familia chache mno kati ya zinazostahili.

Kwa nini chache? Fuata fedha. Chanzo kikubwa cha serikali kuu kwa majimbo katika eneo hili kinalipa pale mtoto anapokuwa ameshaondolewa na kuwekwa kwenye malezi ya kambo, yaani kulelewa na familia nyingine chini ya jimbo. Kwa mtoto anayestahili, fedha hizo hazina kikomo. Za kuzuia asiondolewe zilikuwa ndogo na zenye ukomo. Zaidi ya hapo, kustahili kwenyewe kunapimwa kwa viwango vya kipato vya mwaka 1996 ambavyo havijawahi kurekebishwa kufuata bei. Sheria ya mwaka 2018 ilifungua dirisha: majimbo sasa yanaweza kutumia sehemu ya fedha hizo kwa tiba ya ulevi, afya ya akili na mafunzo ya malezi kabla mtoto hajaondolewa. Kodi ya nyumba haimo. Matokeo yake jimbo linaweza kuilipa familia nyingine kila mwezi imlee mtoto, na lisiweze kutoka mfuko huohuo kumlipia mama yake kodi iliyomfanya akose pa kuishi naye. Na kwa miaka mingi baadhi ya majimbo yaliwadai wazazi hao hao gharama za kumtunza mtoto aliyeondolewa. Mwaka 2022 ndipo serikali kuu ilipoyashauri yaache. Utafiti mwingine wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba kila dola moja iliyoongezwa kwenye kima cha chini cha mshahara iliambatana na kupungua kwa taarifa za kutelekeza kwa karibu asilimia 10. Nyongeza ya mshahara haikumtuma afisa yeyote kugonga mlango wa mtu.

Jimbo moja limenifanya niamini kwamba serikali inaweza kubadilika, nalo ni New Jersey. Januari 2003 mwili wa Faheem Williams, mtoto wa miaka saba, ulikutwa ndani ya chombo cha plastiki kwenye chumba cha chini ya nyumba mjini Newark. Ndugu zake wawili walikutwa wakiwa hai chumba cha jirani, wamedhoofu kwa njaa. Idara ilikuwa imepata taarifa na kulifunga faili bila kuwaona watoto. Oktoba mwaka huohuo wakapatikana ndugu wanne huko Collingswood waliokuwa wameasiliwa kupitia mfumo wa jimbo, mmoja akiwa na miaka 19 na uzito chini ya kilo 25, nyumba ambayo maofisa walikuwa wameitembelea tena na tena. Shirika la kutetea watoto lilikuwa limeshalishtaki jimbo tangu mwaka 1999, na baada ya kifo cha Faheem jimbo likakubali kusimamiwa na mahakama.

Kilichofanyika baadaye hakina mvuto wa vichwa vya habari, na ndiyo maana nakitaja kwa undani. Mwaka 2006 iliundwa wizara kamili ya watoto na familia. Ikawekwa idadi ya juu ya mafaili: mchunguzi mmoja asizidishe familia 12 kwa wakati mmoja wala taarifa mpya 8 kwa mwezi. Afisa anayezifuatilia familia baada ya uchunguzi asizidishe familia 15, na watoto walio nje ya nyumbani wasizidi 10. Waliajiriwa mamia ya watu, wakafundishwa kabla ya kupewa faili. Ndugu wa mtoto walianza kutafutwa kabla ya wageni. Vikafunguliwa vituo vya familia, zaidi ya 50 jimbo zima, ambako mzazi anaingia bila kuitwa, anapata nepi, msaada wa fomu, mahali pa kukaa na wazazi wenzake. Msimamizi huru aliandika ripoti za wazi, mwaka hadi mwaka, zikieleza jimbo limefikia lengo gani na limeshindwa lipi. Watoto walio kwenye malezi ya kambo walikuwa kama 13,000 wakati wa matukio yale. Kufikia mwaka 2023, mahakama ilipokubali jimbo litoke kwenye usimamizi, walikuwa kama 3,000. Ilichukua miaka 20 na magavana wa vyama vyote viwili. Hakuna mgombea anayependa kuahidi kitu cha namna hiyo.

Texas inaonyesha upande wa pili. Kesi kama ile ilifunguliwa mwaka 2011, na mwaka 2015 Jaji Janis Graham Jack wa Corpus Christi alihitimisha kwamba watoto wanaokaa muda mrefu mikononi mwa jimbo karibu wote hutoka wakiwa wameumia kuliko walivyoingia. Jimbo limepigana na hukumu hiyo karibu kila hatua, na mwaka 2024 mahakama ya rufaa ikamwondoa jaji huyo kwenye kesi. Katikati ya mvutano, watoto wasio na pa kupelekwa wamelazwa hotelini na maofisini, wakichungwa kwa zamu na maofisa waliokwisha kufanya kazi mchana kutwa.

Kuna dawa moja nyingine ambayo majimbo mengi yanaichelewesha: wakili. Mahakama ya Juu ilisema mwaka 1981 kwamba mzazi maskini anayekabiliwa na kupoteza mtoto hana haki ya kikatiba ya kupewa wakili katika kila kesi. Majimbo mengi humpa hata hivyo, lakini mara nyingi ni mtu anayekutana naye koridoni dakika chache kabla ya kesi. Jiji la New York lilijaribu njia tofauti, wakili anayefanya kazi pamoja na afisa ustawi na mzazi aliyewahi kupita kwenye mfumo huo. Utafiti wa mwaka 2019 ulikuta watoto wa wazazi waliowakilishwa hivyo walikaa kwenye malezi ya kambo siku 118 pungufu kwa wastani, bila kuongezeka kwa hatari walipokuwa nyumbani. Kwa mtoto wa miaka mitatu, siku 118 ni muda wa kusahau sauti ya mama.

Haya yote yanawahusu wasomaji wa Kiswahili zaidi ya wanavyodhani. Kwa miaka mingi hadi mwaka 2024 Wakongo walikuwa kundi kubwa kuliko yote la wakimbizi waliopokelewa Marekani, na wengi wao wanazungumza lugha hii, huko Kentucky, Texas, Ohio, Iowa, Arizona na kwingineko. Kwenye jumuiya hizo kuna imani kwamba ukimgusa mtoto tu serikali inamchukua. Sivyo. Hakuna jimbo lililopiga marufuku mzazi kumwadhibu mtoto kwa kiasi nyumbani. Mkanda, fimbo, alama mwilini, hayo ndiyo yanayoleta uchunguzi, na binafsi ningependa yaachwe hata pasipokuwa na afisa. Jambo linalowaponza zaidi ni malezi yetu ya kawaida ya dada mkubwa kubaki na wadogo. Maryland, kwa mfano, mtoto wa chini ya miaka minane haruhusiwi kuachwa bila mtu mwenye angalau miaka 13. Majimbo mengi hayana umri ulioandikwa, kwa hiyo uamuzi unabaki kwa jirani aliyeona na afisa aliyefika.

Mzazi anapaswa kujua kwamba afisa akifika bila amri ya mahakama na bila dharura, anaingia kwa ruhusa yake tu. Kwamba Texas tangu Septemba 2023 inawalazimu maofisa wamweleze haki zake mwanzoni. Na kwamba ofisi inayopokea fedha za serikali kuu inatakiwa kumpa mkalimani, asiwe mwanawe wa miaka kumi. Zaidi ya yote ajihadhari na karatasi inayoitwa mpango wa usalama. Ni makubaliano ya "hiari" yanayomtaka mzazi ampeleke mtoto kwa shangazi, au baba ahame nyumbani, na husainiwa mezani jikoni bila jaji wala wakili, mara nyingi baada ya kuambiwa kwamba asiposaini mtoto atachukuliwa. Wakati mwingine mpango huo ndio njia nzuri kuliko zote. Lakini mtoto aliyeondoka kwa njia hiyo hahesabiwi kwenye takwimu za malezi ya kambo, mama hapati wakili wa bure, shangazi mara nyingi hapati fedha ambazo mlezi aliyesajiliwa angelipwa, na hakuna jaji wa kuuliza mtoto anarudi lini. Majimbo yanayojivunia kwamba watoto walio mikononi mwao wamepungua yaanze kwa kuihesabu mipango hiyo, kuiwekea mwisho wa siku zinazojulikana, na kumpa kila mzazi wakili na mkalimani kabla kalamu haijagusa karatasi.